Chembe mpya zinatafutwaje? Jibu kwa mwalimu wa Mbagala

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tano na cha sita, hapa Mbagala. Vijana wangu wamenikaba na swali ambalo hata mimi linanisumbua. Kila baada ya muda tunasoma kwamba wanasayansi wa CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, wako mbioni kugundua chembe mpya itakayopindua fizikia, halafu kimya. Tangu Higgs mwaka 2012 sijasikia la maana. Je, wameshindwa? Mtu anatafutaje kitu ambacho hajui kilivyo? Na mwanafunzi wa kwetu ana nafasi yoyote huko?"

Marahaba, mwalimu, na pole na hao vijana. Nitaanza na lile la katikati, mtu anatafutaje asichokijua, kwa sababu likieleweka hilo, hizo habari za "wako mbioni" utazisoma kwa jicho jingine kabisa.

Jibu la mkato ni kwamba wanahesabu. Wanahesabu vitu wanavyovijua, kwa uangalifu wa kupitiliza, ili kikija cha ziada kionekane. Msimamizi wa geti pale Feri, anayejua kwa uzoefu kwamba asubuhi ya Jumatatu pantoni la Kigamboni huvusha watu kiasi fulani, akiona wamezidi mia tano hahitaji kumjua hata mmoja wao kwa jina ili aseme leo ng'ambo kuna jambo. Ila ni lazima awe anaijua Jumatatu ya kawaida barabara. Asilimia kubwa ya kazi ya watu wa CERN ni kuijua hiyo Jumatatu ya kawaida, na ndiyo sehemu ambayo magazeti hayaigusi kwa kuwa haina mvuto.

"Kawaida" yao inaitwa Modeli Sanifu, yaani nadharia ya chembe za msingi. Orodha yake vijana wako wanayo kwenye madaftari: kwaki sita (jamii ya chembe zinazounda protoni), leptoni sita zikiwemo elektroni na nyutrino, chembe zinazobeba kani, na bosoni ya Higgs, inayohusika na kuzipa chembe nyingine tungamo, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, yenye tungamo la karibu GeV 125, yaani kama protoni 133 hivi. GeV ni gigaelektronivolti, kipimo ambacho watu wa fani hii hukitumia kwa nishati na kwa tungamo pia. Higgs ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho iliyobaki wazi kwenye jedwali. Tangu hapo, chembe yoyote ya msingi itakayopatikana itakuwa nje ya orodha.

Kwa nini basi watu wana hakika kwamba kipo kilichobaki nje? Sababu ninayoiamini kuliko zote ni nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu. Katika Modeli Sanifu kama ilivyoandikwa mwanzoni, nyutrino haina tungamo hata chembe. Kule Japani kuna kitambuzi kiitwacho Super-Kamiokande, tangi lenye tani 50,000 za maji safi, mita 1,000 chini ya mlima. Nyutrino ninazozizungumzia, ambazo kitambuzi hicho huzipima, huzaliwa angani, pale miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa, na hilo hutokea kila mahali duniani, hata hapa juu ya Dar es Salaam. Zinazozaliwa juu yetu, ili zifike kwenye tangi lile, hupenya ndani ya dunia kwa karibu kilomita 9,800 za mwamba. Mwaka 1998 wakatangaza kwamba nyutrino za aina ya myuoni (myuoni ni kama elektroni nzito) zinazotokea chini, zilizosafiri mbali namna hiyo, ni pungufu kuliko zinazoshuka moja kwa moja kutoka juu ya mlima. Zilikuwa zimegeuka kuwa aina nyingine njiani. Hesabu zinasema kugeuka huko hakuwezekani kama nyutrino zote hazina tungamo. Takaaki Kajita wa Super-Kamiokande, pamoja na Arthur McDonald aliyeongoza kitambuzi cha SNO huko Kanada, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa jambo hilo. Kwa hiyo ufa kwenye Modeli Sanifu tunao tayari, tena wa maabara, wa kupimika. Nashangaa kila mara ninapoona makala inayosema "modeli imeshinda majaribio yote" bila kuitaja nyutrino.

Sababu nyingine nazipitia haraka. Magalaksi huzunguka kwa kasi kubwa mno ukilinganisha na maada tunayoiona ndani yake. Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walilipima hili vizuri miaka ya 1970, na leo makadirio ni kwamba maada ya giza, yaani ile isiyoonekana, ni kama mara tano ya maada ya kawaida. Ulimwengu umejaa maada na karibu hauna antimaada, pacha wake mwenye chaji kinyume, na Modeli Sanifu haitoi sababu ya kutosha. Halafu kani ya mvutano haimo kabisa kwenye modeli hiyo.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Nitachukua njia moja unayoweza kuichora ubaoni: fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga.

Kule CERN hugonganisha protoni, na mara chache sana mgongano huzaa bosoni ya Higgs. Nayo haiishi. Ikizaliwa tu, inavunjika papo hapo, na mara chache huvunjika ikawa fotoni mbili. Fotoni hizo ndizo zinazofika kwenye kitambuzi. Katika kitambuzi cha CMS, kimoja kati ya vikubwa vya CERN, zinakutana na fuwele zaidi ya 75,000 zilizotengenezwa kwa madini ya risasi na tangisteni, nzito kama chuma lakini angavu kama kioo. Fotoni ikiingia kwenye fuwele, fuwele inatoa mwanga mdogo. Ukiupima mwanga huo unapata nishati ya fotoni, na ukijua ni fuwele ipi imewaka unapata uelekeo wake. Basi. Nishati mbili na pembe kati yake, ndivyo ulivyo navyo. Kutoka hapo kanuni ni ile ya Einstein ikiandikwa kwa namna inayofaa: mraba wa tungamo ni sawa na mara mbili ya nishati ya kwanza, mara nishati ya pili, mara moja kutoa kosaini ya pembe.

Wape vijana wajaribu. Fotoni mbili za GeV 62.5 kila moja, zikienda pande zilizo kinyume kabisa: pembe ni digrii 180, kosaini yake ni hasi moja, kwenye mabano inabaki 2, jibu linatoka GeV 125. Umeipata Higgs. Sasa wape fotoni za GeV 100 na GeV 80 zenye pembe ya digrii 60. Jibu ni karibu GeV 89. Hiyo ni chembe gani? Si chembe yoyote. Ni fotoni mbili zilizotoka sehemu tofauti za mgongano mmoja, hazina mzazi mmoja, lakini kanuni haijui hilo na inatoa namba tu.

Hapo ndipo shida ilipo. Jozi nyingi kupita kiasi ni za namna hii ya pili. Ukizichora zote kwenye histogramu, tungamo kwenye mhimili wa chini na idadi ya jozi kwenda juu, unapata mteremko laini: jozi nyingi upande wa namba ndogo, zikipungua taratibu kadiri unavyoelekea kulia. Kama kuna chembe inayovunjika kuwa fotoni mbili, jozi zake zinarundikana karibu na namba moja, na mteremko unaota kinundu. Mwaka 2012 kinundu kiliota kwenye 125. Anayetafuta chembe mpya hufanya vilevile, ila hajui kinundu kitaota wapi, kwa hiyo anautembelea mteremko wote. Hahitaji kujua jina la chembe, wala nadharia iliyoitabiri. Anahitaji kujua mteremko ungekuwaje kama chembe hiyo isingekuwepo.

Kuhusu wingi: mashine ya LHC, ile inayogonganisha protoni, imo kwenye handaki la mzunguko wa kilomita 27, kama mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sumaku zake hupozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri ili waya zipitishe umeme bila ukinzani. Mafungu ya protoni, kila fungu likiwa na zaidi ya protoni bilioni 100, hupishana mara milioni 40 kwa sekunde, na migongano inayotokea ni kama bilioni moja kila sekunde. Kati ya migongano bilioni, Higgs huzaliwa takriban moja. Kati ya Higgs 1,000, mbili tu ndizo zinazovunjika kuwa fotoni mbili.

Hakuna kompyuta inayoweza kuhifadhi yote hayo. Kuna kichujio cha kielektroniki kinachoamua ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde tukio lipi libaki, kisha kompyuta zinachuja tena, na mwishoni yanayohifadhiwa ni matukio elfu chache kwa sekunde. Yaliyotupwa hayarudi. Mimi nikiulizwa ninaogopa nini katika utafutaji huu, jibu ni hilo. Kichujio kimeandikwa na watu wenye mawazo fulani kuhusu kitu cha kuvutia kinavyofanana; chembe yenye tabia ngeni, inayosafiri mita kadhaa kabla ya kuvunjika kwa mfano, inaweza kuwa inapita kila siku na kutupwa. Wenyewe wanalijua, ndiyo maana miaka ya karibuni wamewekeza nguvu kwenye chembe zinazoishi muda mrefu. Kuna kitambuzi kidogo kiitwacho FASER, kimewekwa mita 480 kutoka panapotokea migongano ya ATLAS, kitambuzi kingine kikubwa cha LHC, mahususi kwa ajili ya vitu vinavyoponyoka mbele.

Nikurudishe kwenye habari za magazeti kwa kisa kimoja. Desemba 2015, timu za ATLAS na CMS zilionyesha histogramu zao za fotoni mbili kwa nishati mpya ya TeV 13, yaani GeV 13,000. Zote mbili zilikuwa na jozi chache za ziada karibu na GeV 750. Timu mbili, vitambuzi viwili tofauti, mahali palepale. Nakuambia, mwalimu, watu hawakulala. Wananadharia waliandika makala mamia ndani ya miezi michache wakieleza chembe hiyo ni nini: Higgs ya pili, mlango wa maada ya giza, kila mtu na lake. Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, timu zilileta data nyingi mara kadhaa kuliko zile za kwanza. Kinundu hakikuwepo. Hakuna aliyekosea kupima, na hakuna aliyedanganya. Ilikuwa bahati tu ya jozi chache kuangukia pamoja.

Ilikuwaje bahati izidanganye timu mbili? Hapa ndipo penye ile sigma ambayo vijana wanaiona kwenye habari. Ziada ya sigma 3 ina maana kwamba, kama hakuna chembe yoyote mpya, bahati peke yake ingeweza kutoa ziada kubwa kiasi hicho mara moja kati ya majaribio kama 740. Inasikika kama ushahidi mzito. Lakini ATLAS na CMS hawachunguzi sehemu moja. Wana histogramu za fotoni, za elektroni, za myuoni, za mirundo ya hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki), na kila histogramu ina mamia ya sehemu ambapo kinundu kingeweza kuota. Ukichungulia sehemu 740, tegemea moja ikudanganye. Ukichungulia maelfu, tegemea kadhaa. Ziada ya ATLAS ya mwaka 2015 ilikuwa zaidi ya sigma 3 ukiangalia pale kwenye 750 tu, lakini ukiingiza kwenye hesabu sehemu zote walizokuwa wamechungulia ilishuka hadi karibu sigma 2. Namba zote mbili zilisemwa wazi siku ile ile. Iliyosafiri ni ile kubwa.

Ndiyo sababu utamaduni wa fani hii ni kutotamka neno "ugunduzi" chini ya sigma 5, yaani uwezekano wa bahati wa moja kati ya milioni 3.5. Na hata sigma 5 hulinda dhidi ya bahati tu, hailindi dhidi ya kifaa kibovu. Septemba 2011 timu ya OPERA ilitangaza kwamba nyutrino zilizosafiri kilomita 730 kutoka CERN hadi Gran Sasso huko Italia zilifika nanosekunde 60 kabla ya mwanga. Sigma zilikuwa zaidi ya tano. Baadaye ikabainika chanzo kikuu kilikuwa kebo ya nyuzi za mwanga ambayo haikukazwa sawasawa.

Kinundu ni njia moja. Ya pili ni kutafuta kilichopungua, na hii hufaa kwa chembe isiyoacha alama kabisa, kama ile ya maada ya giza. Protoni zinakuja uso kwa uso, kwa hiyo momentamu ya kwenda pembeni kabla ya mgongano ni sifuri. Baada ya mgongano, jumla ya momentamu za pembeni lazima iwe sifuri vilevile. Hiyo ni mada ya kidato cha tano. Ukiona rundo la chembe limerushwa upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, kuna kitu kimetoroka. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli aliitabiri nyutrino kwa hoja ya aina hii, nishati haikutimia kwenye mtengano wa beta (kiini cha atomu kinapotoa elektroni), na ilichukua hadi 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines kuikamata kwa kutumia kinu cha nyuklia.

Lakini nyutrino yenyewe hutoroka hivyo hivyo, hivyo inabidi kwanza ujue ni mara ngapi upungufu unasababishwa na nyutrino za kawaida. Namna wanavyofanya inanifurahisha sana. Bosoni ya Z, mojawapo ya chembe zinazobeba kani, huvunjika kuwa nyutrino mbili, hazionekani. Huvunjika pia kuwa myuoni mbili, zinazoonekana vizuri. Uwiano wa hayo mawili unajulikana kutokana na vipimo vya zamani: kwa kila Z moja inayotoa myuoni, karibu sita hutoa nyutrino. Basi unahesabu zile zenye myuoni, unajifanya huzioni hizo myuoni, unazidisha kwa sita, unapata idadi ya upungufu unaopaswa kuuona bila chembe yoyote mpya. Ukiona zaidi ya hapo, ndipo moyo uanze kwenda mbio. Mpaka sasa idadi zinalingana.

Njia ya tatu haihitaji kuizalisha chembe mpya kabisa. Chembe nzito huathiri kidogo sana tabia ya chembe nyepesi, na ukipima tabia hiyo kwa usahihi wa kutisha unaweza kuona athari. Kwaki ya juu kabisa, ile nzito, tungamo lake lilikadiriwa kwa vipimo vya aina hii kabla haijaonekana katika maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995. Kwa hiyo njia hii ina rekodi. Ila ina mtego wake, na mfano bora ni usumaku wa myuoni.

Myuoni ni kama elektroni nzito, na ni sumaku ndogo. Nguvu ya sumaku hiyo Modeli Sanifu inaitabiri hadi tarakimu nyingi sana baada ya nukta. Ili kuipima, Wamarekani walikuwa na pete ya sumaku yenye kipenyo cha mita 15 hivi huko Brookhaven, New York. Mwaka 2013 waliihamishia Fermilab karibu na Chicago, na kwa kuwa haikuweza kukatwa vipande iliwekwa kwenye tishari, ikazungushwa pwani ya Atlantiki, ikaingia Ghuba ya Meksiko na kupanda mito hadi Illinois. Aprili 2021 matokeo yake, yakiunganishwa na yale ya Brookhaven, yalitofautiana na utabiri kwa sigma 4.2. Dunia ikachangamka tena. Mwaka 2025 timu ikatoa kipimo chake cha mwisho, usahihi wa sehemu 127 kwa bilioni, na kipimo hakikuyumba: kilikuwa palepale. Kilichohama ni utabiri. Wananadharia waliurudia kwa njia mpya inayotumia kompyuta kubwa kukokotoa mchango wa kwaki, na utabiri mpya ukasogea hadi ukakutana na kipimo. Kwa hiyo dalili hiyo ilizimwa na hesabu, na bado kuna kazi ya kueleza kwa nini njia ya zamani ya kukokotoa inatoa jibu tofauti. Mimi ningewaambia vijana hiki kisa kabla ya kile cha 750, kwa sababu kinaonyesha kwamba "Jumatatu ya kawaida" nayo inaweza kuwa imehesabiwa vibaya.

Kuna kisa pacha cha bosoni ya W, ndugu yake Z. Mwaka 2022 timu ya CDF ya Fermilab ilisema tungamo lake ni MeV 80,433 (MeV 1,000 ni GeV moja), juu ya utabiri wa karibu MeV 80,357, tofauti ya sigma 7. Mwaka 2024 CMS wakapima wakapata MeV 80,360. Vipimo hivyo viwili havipatani, na ATLAS nao wako upande wa CMS. Sigma 7, na bado wengi hatuamini.

Njia ya nne ni kukaa na kusubiri chini ya ardhi. Weka kiganja chako juu ya meza pale shuleni: kila sekunde myuoni moja au mbili kutoka angani zinapita katikati yake, na hujui. Kwa anayesubiri chembe ya maada ya giza igonge atomu moja mara moja kwa mwaka, hiyo ni kelele isiyovumilika, ndiyo maana anashuka mgodini. Kitambuzi cha LZ kiko Dakota Kusini, Marekani, kama kilomita moja na nusu chini, kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa. Ndani yake kuna tani 10 za gesi ya zenoni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Mpaka leo zenoni haijagongwa na kitu kisichojulikana. (Sisi nasi tuna migodi ya dhahabu inayoshuka chini kwa chini, Bulyanhulu kwa mfano. Ipo siku nitaandika kuhusu hilo.)

Je, wameshindwa? Hapa nitatoa maoni yangu na wenzangu wengine watanuna. LHC ilijengwa ikiwa na dhamana: bila Higgs au kitu kinachofanya kazi yake, hisabati ya Modeli Sanifu ilikuwa inavunjika karibu na TeV moja, kwa hiyo lazima kingeonekana kitu. Kikaonekana. Ahadi ya pili, kwamba pamoja na Higgs zingemwagika chembe za supasimetri, nadharia inayompa kila chembe mwenza wake, haikuwa dhamana. Ilikuwa hoja ya uzuri: tungamo la Higgs linaonekana limepangwa kwa usahihi wa ajabu, na supasimetri ingelieleza bila kulazimisha. Watu walioipenda hoja hiyo walizungumza kana kwamba ni hakika. Leo gluino, mwenza wa gluoni (chembe inayobeba kani nyuklia kali) katika nadharia hiyo, imetafutwa hadi karibu TeV 2 katika mifano mingi na haipo. Waliokosa ni waliobashiri. Mashine imefanya kazi yake, na kusema "hapa hakuna" kwa sigma za kutosha nako ni kupima. Ila ni kweli pia, na hili wakubwa wa CERN hawapendi kulitamka mbele ya wanaotoa fedha, kwamba kwa mashine inayofuata hakuna dhamana ya aina ile ya Higgs. Wanapendekeza handaki la kilomita 91. Ningelijenga kwa sababu ya kuipima Higgs yenyewe kwa undani, kazi ambayo haihitaji bahati. Kabla ya hapo LHC inafanyiwa maboresho makubwa ili ikirudi, karibu na 2030, ikusanye data mara kumi ya zilizokusudiwa awali.

Jambo dogo la kuwasaidia kusoma habari: LHC imegundua zaidi ya chembe 70 "mpya" tangu 2010, na vichwa vya habari vinasema hivyo kwa haki. Lakini hizo ni hadroni, mipangilio mipya ya kwaki zilezile za zamani, zikiwemo zile za kwaki tano zilizotangazwa 2015. Zinafundisha mengi kuhusu kani nyuklia kali, na zote zimo ndani ya Modeli Sanifu. Ukiona "chembe mpya", tafuta kwenye aya ya tatu kama wametaja kwaki ndani yake.

Mtu akikuuliza faida yake nini, usimpe ile hoja ya kwamba wavuti ilivumbuliwa CERN mwaka 1989. Ni kweli, lakini hakuna anayechimba handaki ili apate wavuti. Mpeleke Ocean Road akaone mashine zinazoongeza kasi elektroni kutibu saratani; hizo angalau ni binamu wa kweli wa LHC.

Kuhusu vijana wako. Nafasi ipo, na haianzii Geneva. Shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, inayojulikana kwa kifupi ASP, ilianza Afrika Kusini mwaka 2010 na huzunguka nchi za bara hili. Huchukua wanafunzi wa chuo kikuu na wa uzamili. CERN ina mpango wa wanafunzi wa kiangazi unaopokea hata wasiotoka nchi wanachama. Afrika Kusini imo ndani ya ATLAS na ALICE, kitambuzi kingine cha LHC, kupitia vyuo vyake, na ni njia ya karibu kwa anayemaliza shahada ya kwanza pale Mlimani. Wanachokosa wanaoomba kutoka kwetu, kwa ninavyoona, huwa si nadharia. Ni takwimu na uandishi wa programu. Kijana anayejua Python na anayeweza kunieleza kwa nini mzizi wa N ndio kosa la kuhesabu vitu N, huyo namchukua kesho.

Na hilo mnaweza kulianza hapo hapo Mbagala. ATLAS na CMS wameweka sehemu ya data zao wazi kwa yeyote; CMS walianza mwaka 2014. Tafuta data huria za ATLAS za TeV 13, chagua zile za fotoni mbili. Zinakuja na mazoezi ya Python yanayoendeshwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo kompyuta ya shule inatosha. Wape vijana histogramu ikiwa na sehemu ya kati ya GeV 120 na 130 imefunikwa, wachore mteremko kwa kutumia pande mbili zilizobaki, waandike ni jozi ngapi wanazitarajia pale palipofunikwa pamoja na kosa lake, kila kundi lisaini karatasi yake. Kisha funueni. Makundi yatatofautiana kuhusu ziada ni kubwa kiasi gani, waache wabishane hadi kengele ilie. Faili kamili ni kubwa, pakueni usiku, vifurushi vikiwa nafuu.